Nyufa za Ubwari na Chemchemi ya Mama Asende

Kazi yangu ilikuwa kupima nyufa. Nawaandikia ninyi mliobaki bureau, ofisi yetu ya kupima miamba kule Baraka, mlioniaga kwa soda na hotuba ndefu, kwa sababu baada ya hotuba hizo mmoja wenu alinivuta pembeni akaniuliza: "Papa Wilondja, mulikuwa munafanya nini kabisa kule ku mawe miaka yote?" Swali zuri. Hata mke wangu amewahi kuniuliza.

Mnajua kwamba mahali fulani katika ziwa letu mafuta hupanda yenyewe, yakatandaza juu ya maji utando wa rangi rangi, na wavuvi huuzunguka ili usiwachafulie nyavu. Kwa hiyo kila baada ya muda hufika wageni wenye ramani, wakiuliza mafuta yako wapi. Watu wengi hudhani chini ya ardhi kuna ziwa la pili, jeusi, linalongoja bomba tu. Mimi pia nilidhani hivyo hadi nilipoajiriwa. Hakuna ziwa la pili. Kuna mwamba mgumu uliopasuka, na mafuta yamejibana ndani ya nyufa zake kama maji ya mvua yanavyojibana kwenye ukuta wa udongo. Ukitaka kujua mafuta yatapita wapi, ni lazima uzijue nyufa: zinaelekea wapi, zimeachana kiasi gani, zipi ziko wazi, zipi zimezibwa na chokaa. Na kwa kuwa huwezi kushuka huko chini kuzitazama, unakwenda kuwatazama ndugu zao walio juu, kwenye miamba ya kando ya maji, ukiamini kwamba ukoo ni mmoja. Sayansi yetu ilisimama juu ya imani hiyo, na si mara zote ilisimama vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ingénieur Furaha, mhandisi kutoka Lubumbashi, mfupi, mwenye kofia ya majani na sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda. Siku ya kwanza tulivuka kwa mtumbwi wa injini hadi Ubwari. Akanisimamisha mbele ya mwamba mrefu, akanipa busole, ile dira ya kuonyesha kaskazini, mita na chaki, akaniambia nivute mstari mmoja ulionyooka, kisha niandike kila ufa unaoukata. Mimi nilitaka kumfurahisha. Nikaacha vile vidogo, nikaandika vikubwa vyenye sura nzuri. Alirudi, akatazama karatasi, akatazama mwamba.

"We uko unachagua?"

"Ndiyo, Mama. Nimekamata ile ya maana."

"Mwamba njo ilikuambia ya maana ni gani?"

Nilianza upya. Wiki hiyohiyo nikapima mwamba mwingine mzima huku panga likiwa limening'inia kiunoni. Chuma huvuta sindano ya busole, kwa hiyo nyufa zangu zote ziligeuka zikaelekea upande mmoja, kama waumini kanisani. Mama Ingénieur aliisoma karatasi hiyo kwa utulivu, akasema ni ugunduzi mkubwa sana, kisha akaniomba niweke panga kwenye mtumbwi.

Baadaye tulipima pia upande wa bara. Huko shida haikuwa miamba. Njia ya Lulimba ni njia ya dahabu, na mtu mwenye nyundo na kioo cha kukuzia vitu hawezi kupita kizuizi cha barabarani akaeleweka. Nakumbuka askari mmoja aliyefungua mfuko wetu, akatoa vifaa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gogo.

"Munatafuta dahabu ya wapi?"

"Hapana, chef. Tunapima nyufa."

"Nyufa ya dahabu?"

"Nyufa tu."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Muntu hawezi kutoka Baraka mupaka huku juu ya nyufa tu," akasema. Alituacha tupite kwa kutuhurumia, nadhani. Kule Kilembwe wenyeji walituletea mawe yanayong'aa kila asubuhi, nasi tukajifunza kushukuru kwa heshima na kuyaweka pembeni bila kumvunja mtu moyo. Haya yote ni kazi, ingawa hayaandikwi kwenye rapoti.

Sasa niwasimulie kuhusu chemchemi, kwa sababu ndiyo kazi moja ninayoiota bado.

Kampuni moja ilikuwa imetoboa shimo jembamba la utafiti kwenye mteremko wa Ubwari, juu ya kijiji cha wavuvi. Shimo lilitoa mafuta kidogo, kwa uchoyo. Chef wa mradi, yaani mkuu wake, mtu mpole aliyetoka Kinshasa na aliyependa saa yake, alitaka kumwaga asidi ndani kwa nguvu ya pampu, ili ile chokaa iliyoziba nyufa iyeyuke na mafuta yatembee. Ndiyo dawa ya kawaida ya mwamba wa namna hiyo. Mapipa ya asidi yalikwisha kufika Baraka, yanangoja boti. Vijana wa kijiji walikwisha kuahidiwa kazi ya kibarua, nao walikuwa wakipita mbele yetu wakitembea kama watu wenye viatu vipya.

Lakini chini ya mteremko huohuo kulikuwa na chemchemi. Aliyeisimamia ni Mama Asende, mwanamke mrefu, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyechaguliwa na wanawake wenzake na ambaye hakuna aliyethubutu kuweka ndoo chafu mbele yake. Siku tuliyokwenda kuitazama nilimwuliza, kwa ujinga wa mtu anayependa kuzungumza, kwa nini wanapanga foleni pale na ziwa zima liko mbele yao.

"Baba, ile ziwa iko na kolera," akasema. "Ile ziwa njo ilinikamatia mutoto wangu wa kwanza. Asubui alikuwa anacheza, mangaribi tulimuzika. Tangu tulijengea hii chemchemi, hatuyazika mutoto juu ya maji tena. Nasikia munataka kumwanga kitu kule juu. Mumwange. Lakini muniambie kwanza kama inashuka huku."

Hilo ndilo lilikuwa swali letu, na halikuwa jingine: je, kuna ufa unaotoka kwenye shimo hadi kwenye chemchemi? Kama upo, asidi ingeteremka na kuingia kwenye ndoo za watoto. Kwenye ramani yangu haukuwapo. Nyufa zote kubwa nilizopima zilikuwa zinaelekea mbali, na nilijivunia ramani ile. Mama Ingénieur aliitazama, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Karatasi haikunywaka maji," akasema. "Tuulize maji yenyewe."

Maji huulizwa hivi. Unamwaga rangi ndani ya shimo, rangi isiyomdhuru mtu. Kule kwenye chemchemi unazamisha vifuko vya makala, yaani mkaa, uliosagwa na kuoshwa, kwa sababu mkaa hunasa rangi hata ikiwa imefifia kiasi kwamba jicho halioni kitu. Ukishautoa, unauloweka ndani ya chupa ya alkoli iliyochanganywa na potasi. Kama rangi ilipita, chupa inageuka kijani. Kama haikupita, haigeuki. Ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuielewa akielezwa.

Nasi tulieleza. Tulifuata desturi, tukaenda kwenye lubunga, ile nyumba ya wanaume ambamo mambo yote ya kijiji huzungumzwa. Tulikaa, tukaeleza rangi, tukaeleza vifuko, tukaeleza kwa nini visiguswe. Wanaume waliuliza maswali mazuri kuliko ya chuo. Mzee wa kijiji akashukuru, akasema jambo limesikika. Na lilikuwa limesikika kweli. Ila mwanamke haingii lubunga, isipokuwa mgeni kama Mama Ingénieur, na maji ni mambo ya wanawake, kwa hiyo hakuna mwanaume aliyeona sababu ya kulibeba jambo la maji hadi nyumbani. Lilibaki mle ndani, limehifadhiwa vizuri sana.

Tulizamisha vifuko, tukamwaga rangi shimoni, tukarudi Baraka kungoja. Siku ya kutoa vifuko tulifika pamoja na chef wa mradi. Kijiji kilikuwa kimejiandaa. Tulipewa bukari, ule ugali wetu, mboga ya sombe na samaki, migebuka ya kuchoma, na niwaambie ukweli, sijawahi kula samaki mwenye ladha kama wale. Chef wa mradi aliongeza mara mbili. Kisha tukashuka kwenye chemchemi, tukaikuta inang'aa. Majani yamefyekwa, mawe yamesuguliwa, mchanga umepigwa ufagio. Vifuko havikuwapo.

Mama Asende alikuwa amesimama hapo, akingoja kusifiwa.

"Mama," nikasema, "kulikuwa tufuko twa makala chini ya mawe."

"Eh, tuliiona! Tulifanya salongo, kazi ya wote, juu yenu. Mugeni hawezi kunywa maji ku chemchemi haijasuguliwa." Akashusha sauti ili asituaibishe. "Tulijua munaleta makala yenu ya kupikia juu musitusumbue, sasa mukaona haya ya kuitoa, mukaificha mu maji. Haya ya nini, baba? Tuliyianika ku mabati, ikakauka. Njo tulichomea samaki yenu. Iliwaka muzuri kabisa."

Mama Ingénieur alivua kofia, akajipepea. Ushahidi wetu wote ulikuwa tumboni mwetu, na chef wa mradi alikuwa amekula sehemu kubwa.

"Lakini tuliambia kijiji," nikasema. "Tuliambia bamwanaume mu lubunga."

"Bamwanaume?" Mama Asende akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Juu ya maji?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka hadi mmoja akaweka ndoo chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, nilikasirikia mawe.

Chef wa mradi hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alisema jambo ambalo hata ninyi mngesema. "Kitu hamukuona, hamuwezi kuiandika. Ramani inasema hakuna ufa. Boti inaleta mapipa wiki ijayo. Mukiwa na kitu ya kunionyesha mbele ya ile siku, munionyeshe." Akatazama saa yake.

Rangi ilikuwa imebaki nusu ya kopo. Makala ya bureau hayakubaki hata kipande. Mama Ingénieur hakurudi kwenye lubunga. Alikaa chini palepale kwenye chemchemi, kati ya wanawake, akaeleza upya kila kitu, polepole. Alipomaliza, Mama Asende aliuliza swali moja tu.

"Ile dawa ya kufungua mwamba, mutoto akiikunywa?"

"Itamuunguza," Mama Ingénieur akajibu.

Hakuna aliyecheka tena. Jioni ile wanawake walikata chandarua kuukuu, wakashona vifuko. Walitwanga makala ya jikoni kwenye kinu, wakayaosha hadi maji yakatoka safi. Kifuko cha kwanza tulikizamisha kabla ya kumwaga rangi tena, tukakitoa na kukifunga mbali, ili mtu asije akasema makala ya Ubwari ni ya kijani tangu kuzaliwa. Kisha tukazamisha vingine, tukapanda mlimani, tukamwaga shimoni nusu kopo yetu ya mwisho. Kuanzia hapo chemchemi ililindwa kwa zamu. Wanawake walichota maji kwa kata, kwa uangalifu, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Hata kuku hakusogea.

Ikabaki alkoli. Chupa ya alkoli ya bureau ilikuwa imepungua yenyewe wakati wa Noeli, na potasi ilikuwa imelowana na kuharibika. Mama Ingénieur alifikiri kidogo, akasema potasi hutoka kwenye majivu, na alkoli ni alkoli. Maji ya majivu kila jiko lilikuwa nayo, ya kulainishia maharage. Kuhusu lutuku, ile pombe kali ya kukenekwa, tulihakikishiwa kwamba kijiji kile ni cha watu wa kanisa na lutuku haijulikani. Baada ya muda mfupi tulikuwa na chupa tatu, na mojawapo ilitoka upande wa nyumba ya katekista.

Siku ya boti, Mama Asende aliamua kwamba jambo litatazamwa kwenye chemchemi, si penginepo. Basi wanaume walishuka. Ningependa mngeona. Watu wale wale walioketi kwa heshima ndani ya lubunga sasa walisimama wameshika mikono nyuma, hawajui pa kukanyaga, na mzee wa kijiji alimwuliza binti mmoja kama jiwe lile linaruhusiwa kukaliwa. Chef wa mradi alisimama karibu na maji. Nyuma yake, ziwani, mapipa yalionekana ndani ya boti.

Mama Ingénieur aliweka chupa mbili za mayonnaise juu ya jiwe. Katika ya kwanza alitia makala ya kile kifuko tulichotoa kabla ya rangi. Katika ya pili, makala yaliyolindwa. Akamimina lutuku na maji ya majivu katika zote mbili. Kisha tukangoja.

Chupa ya kwanza ilibaki na rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Chupa ya pili pia. Vijana walianza kunong'ona, wakitazama boti. Chef wa mradi akatazama saa yake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye kizuizi cha askari. Nilitaka iwe kijani, kwa sababu vinginevyo tungerudi nyumbani bila kujua, na kutojua kwetu kungemwagwa shimoni. Na nilikuwa naogopa iwe kijani, kwa sababu hapo ingekuwa kweli.

Ilianzia chini, juu tu ya makala. Uzi mwembamba, halafu tabaka, kijani ambacho hakipo hata kwenye majani, kikipanda taratibu ndani ya chupa moja tu.

"Njo ile rangi yenu?" Mama Asende akauliza.

"Njo ile," Mama Ingénieur akajibu.

Mama Asende alikaa chini kwenye mchanga wake uliofagiwa, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Hakuna aliyemnyamazisha. Chef wa mradi aliinama, akaitazama chupa kwa muda mrefu, akaiinua kwenye jua, akaitazama tena. Kisha akavua kofia yake.

"Bon," akasema. "Hatutamwanga."

Mapipa yalirudi Baraka bila kushushwa, na shimo lilizibwa kwa saruji. Vijana walikosa kibarua, na wako wawili watatu ambao hadi leo wakiniona sokoni wanageukia upande wa nyanya. Siwalaumu. Mimi nilipanda mlimani kuutafuta ule ufa. Nilichukua muda kuupata, chini ya mizizi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulikuwa kwenye karatasi yangu ya vipimo, ingawa haukuingia kwenye ramani. Nilikuwa nimeuandika kama nilivyofundishwa, na pembeni yake nikaweka maneno mawili: mwembamba, umezibwa. Mwembamba ulikuwa kweli.

Basi, ninyi mnaoendelea, wekeni panga mbali na busole, na msichague nyufa. Na jambo la maji waelezeni wanaochota. Kwenye lubunga mwende pia, kwa sababu adabu ni adabu, lakini msidhani mkishatoka mle mmemaliza.

Mwezi uliopita, baada ya zile soda zenu, nilivuka hadi Ubwari kuaga. Mama Ingénieur hakuweza kuja. Magoti yake yamekataa mitumbwi. Nilishuka kwenye chemchemi, nikakuta binti mmoja akisugua mawe, na Mama Asende, amezeeka, ameketi pembeni akimwelekeza kwa fimbo. Binti alipomaliza kusugua, alitoa kifuko cha chandarua chenye makala ndani, akakizamisha chini ya jiwe, mahali palepale.

"Iko na kazi gani, ile makala?" nikamwuliza.

"Aa, papa, ile ni desturi," akanijibu, kwa subira ya mtu anayemfundisha mgeni. "Kila salongo tunatia. Bankambo betu ba zamani njo balianzaka."

Mababu wa zamani! Nilimtazama Mama Asende. Yeye alikuwa anatazama ziwa, uso umetulia kabisa.

"Basi, mwanangu," akasema, "mupatie nkambo maji."

Binti hakuelewa, lakini alinichotea kikombe, kwa mikono miwili. Nikakiinua kwenye jua kwanza, kwa mazoea. Maji hayakuwa na rangi. Nikanywa yote, nikaomba mengine.